Mashine Imeibwa Busia, Majina Ni ya Nani?

Kuna kizazi cha watu wa Busia ambacho kimekuwa kikijibu maswali tangu kikiwa shule ya msingi. Mwaka 1998, katika tarafa za Budalangi na Funyula, shule 75 ziliingizwa katika mradi wa dawa za minyoo ulioendeshwa na shirika la International Child Support, na wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel wakaufuatilia kujua dawa ile ilibadilisha nini. Watoto walikuwa zaidi ya 30,000. Kuanzia 2003, baadhi yao, wapatao 7,500, wakaanza kutafutwa tena mmoja mmoja. Unaishi wapi siku hizi? Unafanya kazi gani, na unalipwa ngapi? Umeoa? Una watoto wangapi, na yupi aliyefariki? Aliyehamia Nairobi alifuatwa Nairobi. Aliyeolewa ng'ambo, upande wa Uganda, alifuatwa hukohuko. Ziara zikarudiwa miaka nenda miaka rudi, hadi watoto wale wakawa wazazi wenye watoto wa sekondari. Kremer alipopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, Busia, mji ambao Wakenya wengi huujua kwa foleni za malori na mayai ya Uganda, ulikuwa umekwisha kuwa mahali panaposomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima.

Vuka mpaka, nenda Tororo, hadithi ni ileile ila maswali ni mazito zaidi. Mwaka 2003 ulianza utafiti wa kuwapelekea wagonjwa wa Ukimwi dawa nyumbani, chini ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, na shirika la TASO. Maafisa wa nyanjani walipanda pikipiki kila wiki, wakaingia vijiji vya Tororo na Busia ya Uganda, wakikabidhi vidonge na kuuliza: umemeza zote, umekohoa, nani mwingine humu nyumbani amepimwa. Huko Nagongera, watafiti wa malaria wamehesabu mbu waliolala ndani ya vyumba vya watu na kupima damu ya watoto wa nyumba hizohizo kwa miaka. Sijui sehemu nyingi za Afrika Mashariki ambako mwanakijiji wa kawaida, asiye na akaunti ya benki wala anwani ya posta, ameandikwa kwa kina namna hii.

Nayataja haya kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu wizi wa laptopu huanzia mahali pasipofaa. Huanzia kwenye bei. Mashine imeibwa, ofisi inasikitika, mhasibu anauliza kama ilikatiwa bima, na kijana aliyekuwa nayo anaambiwa atakatwa mshahara. Laptopu ya mtumba katika duka la Busia inauzwa kwa bei ya mbuzi wawili watatu. Hasara hiyo inalipika. Kilichokuwa ndani, orodha ya kaya mia tatu zenye majina, namba za simu, alama za ramani za kila nyumba na majibu ya maswali ambayo mtu hajamwambia hata ndugu yake, hakina bei dukani. Na mwenye mali hiyo hakuwepo ofisini siku ya wizi. Yuko Matayos anapalilia mahindi.

Namna mashine zinavyopotea inajulikana, na haina ujanja mkubwa. Matatu inaposimama stendi, begi lililowekwa chini ya kiti cha mbele linavutwa na aliyeketi nyuma. Gari la mradi linaegeshwa nje ya hoteli saa ya chakula, begi likiachwa kwenye kiti ambapo kila mpita njia analiona. Mwendesha bodaboda anasimama ghafla mahali pasipo na taa. Ofisi inavunjwa usiku kupitia dari, kwa kuwa mlango una kufuli tatu na dirisha lina vyuma ila dari ni ubao mwembamba. Halafu kuna wizi ambao watu hawapendi kuuzungumza: wa mtu wa ndani, anayejua ni siku gani vifaa vimerudi kutoka nyanjani na ni kabati gani ambalo ufunguo wake unaning'inia ukutani. Niongeze hapa jambo dogo linaloniudhi. Mashirika hupenda kushona nembo yao kwenye mabegi ya laptopu, kubwa, ya rangi. Ukimpa kijana begi hilo akapande matatu ya jioni, umemtangazia kila mtu alichobeba. Begi la shule lililochakaa lingemlinda vizuri zaidi.

Kisha upo mpaka wenyewe. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Nyumba zinapakana migongo, watoto wanavuka kwenda shule, wateja wanavuka kununua sukari palipo rahisi. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo lori linakaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili. Kwa shehena ya saruji ya Tororo au makontena yanayotoka Mombasa hiyo ni nafuu kubwa. Lakini laptopu iliyo ndani ya mkoba wa kiondo haipangi foleni forodhani. Inapita njia za panya pamoja na nyanya na vitenge, na katika muda wa kunywa chai imeshatoka katika mamlaka ya askari aliyeandika taarifa ya wizi. Askari wa upande mmoja hana nguvu ya kukamata upande wa pili. Kuna barua, kuna kamati za usalama za mpakani, kuna nia njema pia. Mwizi hana haja ya barua.

Simu angalau ina namba ya IMEI, na kampuni za simu zinaweza kuifungia, ingawa hata hapo simu iliyofungiwa Kenya mara nyingi huamka ikipewa laini ya Uganda. Laptopu haina hata hicho. Ina namba ya kiwandani iliyobandikwa chini yake, na ukimuuliza mwenye mashine aitaje, atakuambia ilikuwa kwenye mashine. Ofisi yenye akili huandika namba hizo kwenye daftari siku mashine zinapotoka kwenye boksi. Hilo halitarudisha mashine zote. Ila fundi anayenunua mashine akijua namba yake iko polisi husita, na kusita kwake ndiko kunakorudisha mashine chache zinazorudi.

Nani huiba, na huiba nini hasa? Mara nyingi anaiba chuma na kioo, yaliyomo hayamhusu. Kisa mashuhuri zaidi duniani cha aina hii kilitokea Marekani. Mei 2006, wezi walivunja nyumba ya mfanyakazi wa idara ya wanajeshi wastaafu katika jimbo la Maryland, wakabeba laptopu na diski ya pembeni. Ndani mlikuwa na taarifa za watu milioni 26.5. Mfanyakazi alikuwa amezipeleka nyumbani kufanyia kazi. Mwezi uliofuata vifaa vikapatikana, na wapelelezi wa FBI wakasema haikuonekana dalili kwamba faili ziliguswa. Hata hivyo, waliokuwa wameandikwa humo walishtaki, na mwaka 2009 serikali ikakubali kulipa dola milioni 20. Ulikuwa wizi wa kawaida wa mtaani, kama unaoweza kutokea Burumba, mjini Busia, usiku wowote umeme ukikatika.

Wapo wengine wanaojua wanachokitafuta. Mjini Kampala, katika miaka ya kuanzia 2012, ofisi za mashirika ya haki za binadamu zilivunjwa moja baada ya nyingine, na mara kadhaa wavamizi walizipita mali za thamani na kuchukua kompyuta, seva na mafaili. Mei 2016 mlinzi wa shirika la HRAPF, linalotetea watu waliotengwa, aliuawa katika uvamizi wa namna hiyo, na Februari 2018 ofisi hiyo ikavamiwa tena. Mtafiti wa Tororo anaweza kudhani mambo hayo ni ya wanaharakati. Afikirie tena nani angependa kujua majina ya wanawake wa mji wa mpakani wanaopata dawa fulani, au wafanyabiashara gani walimweleza mtafiti kiasi cha ushuru wanachokwepa.

Sasa tuje kwenye nywila. Imani iliyoenea, hata kwa watu wenye shahada, ni kwamba laptopu yenye nywila imefungwa. Haijafungwa. Nywila ya kuingilia inamzuia mtu anayebonyeza vitufe. Haimzuii mwenye bisibisi. Anafungua skrubu kadhaa, anachomoa diski, anaichomeka kwenye mashine nyingine kama flashi, na faili zote zinatandazwa mbele yake. Asiyetaka hata kufungua skrubu anaiwasha mashine kwa flashi yenye mfumo mwingine, na nywila yako haiulizwi kabisa. Kazi hiyo haihitaji mdukuzi. Kila fundi anaifanya kila siku, kwa nia njema, anapookoa picha za harusi za mteja aliyesahau nywila.

Kinachozuia ni usimbaji fiche, yaani kugeuza kila kilichomo katika diski kuwa takataka isiyosomeka mpaka ufunguo utolewe. Diski ikichomolewa, inachomolewa na takataka yake. Kwenye Windows ya kiofisi programu inaitwa BitLocker na imo tayari, inangoja kuwashwa. Kwenye Mac inaitwa FileVault. Mwenye Windows ya kawaida anaweza kupakua VeraCrypt bila kulipa chochote. Na hapa ndipo ninaposhindwa kuzielewa ofisi zetu. Zitamlipa mlinzi wa usiku, zitanunua kufuli la Kichina na lingine la Kijerumani, zitajenga ukuta wenye chupa zilizovunjwa juu, kisha zitaacha bila kuwashwa kitu ambacho ni cha bure na kinachukua asubuhi moja.

Woga una sababu yake, nakubali. BitLocker hutoa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48, na ukiupoteza siku mashine inapouhitaji, data imekufa kwako kama ilivyokufa kwa mwizi. Katika mji ambao umeme huyumba na mashine nyingi ni mitumba iliyofunguliwa mara nyingi, siku hiyo inafika. Dawa ni kuuandika ufunguo na kuuweka mbali na mashine: katika sefu ya ofisi kuu, au kwa mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina. Kinachotokea mara nyingi ni kijikaratasi kilichobandikwa chini ya laptopu. Na kuna tabia nyingine ya kuangaliwa: mashine iliyosimbwa inalindwa ikiwa imezimwa. Afisa anayefunika tu kioo na kuitia mashine begini, ikiwa imesinzia huku kila kitu kikiwa wazi ndani, anamrahisishia kazi mwenye ujuzi. Izimwe kabisa kabla ya kupanda gari.

Usimbaji unakulinda na mwizi, haukulindi na hasara. Mashine ikienda na nakala pekee ya mahojiano ya miezi minne, hakuna mwizi atakayeyasoma, lakini na wewe pia hutayasoma. Kwa hiyo nakala ya akiba itunzwe mahali pengine, nayo iwe imesimbwa. Nakala ya akiba iliyoko kwenye flashi ndani ya begi lilelile ni ya kujifariji.

Tafiti kubwa zilikwisha kutoka kwenye karatasi. Enzi za makaratasi, hojaji za Busia zilijaza makabati ya chuma, na makarani waliingiza majibu mara mbili kwenye kompyuta ili kukamata makosa. Siku hizi afisa hubeba tableti au simu yenye programu kama ODK, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Washington. Programu hiyo ina uwezo ambao wengi hawautumii: fomu ikishakamilishwa inajifunga kwa ufunguo wa umma, na hapo hata afisa aliyeijaza hawezi kuifungua tena. Inasubiri mtandao, inapanda kwenye seva, inasomwa na mwenye ufunguo wa pili aliyeko mbali. Tableti hiyo ikinyakuliwa kwenye barabara ya Bumala, mahojiano ya siku hiyo yamo ndani yake kama barua katika bahasha isiyochanika. Upande wa hospitali, mfumo wa OpenMRS, ambao ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 katika mpango wa AMPATH unaohudumia pia kliniki za Busia, unaruhusu kumbukumbu za mgonjwa zikae kwenye seva na daktari azisome bila kuzibeba. Hatari huanza pale mtu anapoamua kujirahisishia kazi: anapakua jedwali zima la Excel kwenye desktopu, anawatumia wenzake kwa WhatsApp, na sasa jedwali liko kwenye simu nne.

Pengine jambo la maana kuliko kufuli lolote ni kutenganisha majina na majibu. Mtu anapewa namba. Majibu yake yote yanakwenda na namba. Daftari moja tu, linalofungwa kwa msimbo na kushikwa na watu wawili watatu, ndilo linalosema namba 20417 ni nani. Mwizi akipata majibu bila daftari, amepata hesabu.

Mahakama ya Kenya imewahi kuamuru jambo hilohilo. Februari 2015 Rais Kenyatta alitoa agizo kwamba zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, walezi wao na akina mama wajawazito, majina yakiwemo. Shirika la KELIN likaenda mahakamani. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha, haki iliyomo katika kifungu cha 31 cha Katiba, na kwamba taarifa zilizokwisha kukusanywa zihifadhiwe kwa namna ambayo haimuunganishi mtu na hali yake ya afya. Uamuzi huo ungefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha takwimu kutoka Malaba hadi Port Victoria. Wanasheria wanaujua, ila wanaoshika kipanya cha kompyuta wengi hawajausikia.

Hata namba peke yake haitoshi mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake. Mwaka 1997 mwanafunzi wa Massachusetts, Latanya Sweeney, alichukua data ya hospitali ambayo serikali ya jimbo ilikuwa imefuta majina, akanunua orodha ya wapiga kura wa mji mmoja kwa dola 20, na kwa kulinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta akamtambua gavana wao, William Weld, pamoja na matibabu yake. Huo ulikuwa mji wa maelfu ya watu. Katika kijiji cha Samia, andika tu mjane, mwalimu mstaafu, pacha wawili, nyumba ya bati karibu na kisima, na mwanamke aliyeketi gengeni ataanza kukutajia ukoo kabla hujamaliza sentensi. Alama za ramani ni mbaya zaidi, maana zinakupeleka hadi mlangoni. Kwa hiyo data inayotoka nje huondolewa alama hizo au husogezwa makusudi, umri hugeuzwa kuwa makundi, jina la kijiji huwa jina la wilaya.

Kazi hiyo ya kuchosha ina matunda yake. Mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine waliichambua upya data ya minyoo ya Busia, wakapata makosa na kutilia shaka sehemu ya matokeo, na wasomi wakagombana magazetini wiki nzima. Miguel na Kremer walikuwa wamewakabidhi data yenyewe. Majibu ya watoto wa Budalangi na Funyula yalisomwa London, California na kwingineko, yakapigiwa kelele, na hakuna mtoto aliyetajwa. Siri ikitengwa vizuri, elimu inaweza kutembea bila kumvua mtu nguo.

Wasiwasi wangu mkubwa hauko kwa watafiti wenye ruzuku na kamati za maadili. Uko kwa karani wa Sacco ya bodaboda, kwa mhazini wa shule, kwa saiba, duka la intaneti, iliyo mkabala na ofisi ya kaunti. Kijana anaingia saiba kutafuta huduma za eCitizen au namba ya mlipakodi, hajui kutumia barua pepe, mhudumu anamfungulia akaunti na kubuni nywila kwa niaba yake. Nakala ya kitambulisho inabaki kwenye desktopu ya mashine namba tatu, katika folda yenye jina "Scan", pamoja na nakala za mamia ya wengine. Kwa wakala wa pesa za simu, daftari la kuandikia wateja limefunguliwa kaunta: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi. Anayepanga foleni nyuma yako akipiga picha ukurasa mmoja, ana vya kutosha kumpigia mtu jioni na kujifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu. Wakenya tunawaita wapigaji hao "wale wa Kamiti", kwa jina la gereza, tunacheka, halafu tunatumiwa ujumbe kwamba salio limekwisha.

Julai 2021, wapelelezi wa DCI walitangaza kumkamata kijana waliyedai alikuwa na taarifa za wapiga kura 61,617 wa kaunti moja ya Magharibi mwa Kenya, na kwamba genge lake lilizitumia kuwadanganya wahudumu wa kampuni za simu ili laini za watu zihamishwe. Tume ya uchaguzi ilikanusha kwamba mitambo yake ilidukuliwa. Vyovyote ilivyokuwa, kumbuka alichohitaji mlaghai: jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa. Yote matatu yamo katika folda ile ya saiba.

Na mashine kuukuu huenda wapi? Ofisi inanunua mpya, zile za zamani zinauzwa kwa wafanyakazi au kwa fundi kwa bei ya kutupa. Mtu mwangalifu ameifomati diski. Fomati ya haraka inafuta jedwali la yaliyomo tu. Kurasa zenyewe mara nyingi zimebaki hadi ziandikwe juu, na programu za kuzifufua zinapatikana bure. Diski iliyosimbwa tangu mwanzo haina tatizo hili, kwani ukifuta ufunguo umefuta vyote. Ile isiyosimbwa iandikwe juu nzima, au ipigwe nyundo. Nyundo ni njia ya heshima, mafundi wa Tororo wasinikasirikie. Tukumbuke pia kwamba tangu Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuipa Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama ya bure, na mashine za mitumba zilizojaa madukani pande zote mbili nyingi zinaendeshwa na toleo hilo au la zamani zaidi.

Nchi zote mbili zina sheria, na zote ni za 2019. Ya Uganda ilitangulia kwa miezi kadhaa, ya Kenya ikatiwa sahihi Novemba. Kenya ina Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliyeapishwa Novemba 2020, na ofisi yake imeonyesha meno: Septemba 2023 ilizitoza faini taasisi tatu, ikiwemo shule moja ya Nairobi iliyotakiwa kulipa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Uganda ina ofisi ya ulinzi wa data binafsi chini ya mamlaka ya teknolojia, NITA-U. Anayetunza data Kenya akigundua imefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na wenye data wanaweza kudhurika, ana saa 72 za kumwarifu Kamishna. Wa Uganda anatakiwa kuarifu mara moja. Laptopu ikiibwa Ijumaa jioni Busia, saa 72 zinaisha Jumatatu jioni, na Jumatatu asubuhi wengi bado wako kituoni wakisubiri kuandikiwa karatasi ya polisi.

Sheria ya Kenya ina kipengele ambacho kila mkurugenzi angekipenda akikisoma. Inataka mwenye data, yule mama wa Matayos, aambiwe kwa maandishi kwamba taarifa zake zimevuja. Lakini inasema si lazima aambiwe iwapo zilikuwa zimelindwa ipasavyo, na usimbaji fiche umetajwa humo waziwazi. Asubuhi moja ya kuwasha BitLocker inakuondolea safari ya kwenda kugonga milango mia tatu. Uganda imeenda njia nyingine: mamlaka ndiyo huamua kama wenye data waarifiwe, na njia zilizoorodheshwa ni barua ya rejista, barua pepe, tangazo kwenye tovuti au kwenye vyombo vya habari.

Hapo ndipo sheria inapogota. Nagongera hakuna bibi anayefungua tovuti kuangalia kama jina lake limeibwa. Barua ya rejista, ikiandikwa Kiingereza, itasomwa na mjukuu au na jirani, na jirani ndiye mtu ambaye siri ilikuwa inafichwa asijue. Anayeweza kupeleka habari hiyo ni mtu mmoja tu: afisa wa nyanjani aliyeketi kwenye kigoda cha bibi huyo mara ya kwanza, anayejua Dhopadhola au Ateso au Kisamia, anayejua njia inayopita nyuma ya kanisa, na aliyeulizwa na mzee wa nyumba, "Haya yote unayoandika yanakwenda wapi, mwanangu?" Mkataba wake huwa umekwisha siku utafiti ulipomalizika, na katika bajeti za miradi nilizowahi kuziona hakuna mstari wa mafuta ya pikipiki ya kumrudisha kule kutoa jibu.